Shukrani za Usikizi

Ko. Ko, ko. Kisha kimya, kisha tena: ko.

Ilikuwa alfajiri, taa haijawashwa, na giza la chumba chetu lilikuwa bado zito. Sikuhitaji kuona. Alikuwa binti yangu Mwajabu, wa miaka mitano, ameshuka kitandani peku, anagonga ubao wa sanduku kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi kwa jirani aliyenuna. Alikuwa analibembeleza liseme. Nililala nikamsikiliza mpaka akachoka, akarudi kitandani na miguu yake ya baridi akaibandika mapajani mwangu. Hiyo ndiyo asubuhi niliyoamua kwenda Usikizi.

Sanduku lenyewe nilieleze kwanza. Niliachiwa na bwana mmoja niliyekuwa nikimfulia nguo. Alipohama alisema ni zito mno kubeba. Limetengenezwa Usikizi miaka mingi iliyopita, na wenye uwezo husema hakuna duniani sauti safi kama ya masanduku ya Usikizi. Lina spika moja kubwa mbele, mbao zake zinang'aa kama tende, na lina maiki yake ndogo yenye waya. Usafi wa sauti haukunihusu. Mwajabu husikia kwa shida tangu alipougua akiwa mchanga. Hasikii akiitwa, hasikii mlango, hasikii mvua. Lakini jioni moja nilikuwa nasoma kwa sauti kazi yangu ya darasa la watu wazima, nikashika ile maiki kwa utani, kama mtangazaji, na mtoto alikuwa ameegemeza shavu kwenye mbao. Akageuka. Akanitazama mdomoni. Hakuwahi kugeuka kabla ya hapo.

Basi tangu jioni ile nikawa nasomea maiki, na yeye shavu kwenye mbao. Na kwa kuwa kitabu nilichokuwa nacho ni kile cha kisomo, maneno yake ya kwanza yakawa ya kisomo. Jirani yetu Mama Kidawa alimwamkia siku moja uani, "Mwajabu, hujambo mwanangu?"

"Mbolea," Mwajabu akamjibu.

"Haya, bibi shamba, nimekusikia!" Mama Kidawa alicheka hadi akaweka ndoo chini.

Alisema neno mojamoja tu. Mbolea. Ushirika. Maji. Choo. Mama. Hakuwahi kuunganisha mawili. Mwalimu wangu wa jioni aliniambia nisihangaike, akiyapata ya kutosha ataanza kuyaunganisha mwenyewe. Nikawa nayaandika kwenye daftari, na yalifika sitini na matatu.

Kisha ikaja barua kutoka Usikizi, karatasi nzito yenye nakshi, kwamba kila sanduku lazima lirudishwe kwa ajili ya Usafi wa Mwaka. Nikalipeleka. Likarudi limefungwa kitambaa laini, pamoja na kadi ya shukrani. Vinanda lilipiga vizuri kuliko zamani. Lakini sauti yangu ilikuwa haipiti. Niliposema kwenye maiki, spika ilinyamaza kabisa, hata mkwaruzo haukuwepo. Na neno ambalo mtoto halisikii halikai. Mwezi mmoja baadaye nilihesabu kwenye daftari nikakuta arobaini na moja.

Njia ya kwenda huko sitaieleza. Aliyewahi kubeba mzigo kichwani na mtoto mkononi anaijua.

Usikizi ni nchi nadhifu. Mpakani walinivua viatu, wakanipa ndara za sufi, kwa sababu visigino ni kosa. Mwajabu walimtazama wakasema anaweza kuendelea kwa miguu yake, ni laini. Barabara zimetandikwa zulia. Wenye maduka hawanadi, hushika bidhaa juu na kuitikisa taratibu. Watu wakikutana huweka kiganja nyuma ya sikio na kuinama, na hiyo ndiyo salamu yao, nao huishika hivyo muda mrefu, wamekutazama kwa upole mpaka unajiona mtu muhimu sana. Siku ya kwanza nilidhani nimefika mahali ambapo shida yangu itachukua dakika kumi.

Nyumba ya Wateja iko katikati ya mji. Mpokezi wetu aliitwa Bwana Taadhima, mtu mrefu, msafi, mwenye sauti ya mtu anayemfunika mtoto shuka. Alinikaribisha mara tatu, kwa kuwa sheria inasema mteja asijibiwe kabla ya kukaribishwa mara tatu. Nikamweleza yote: barua, usafi, maiki, mtoto, maneno.

Alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza akafungua kitabu kikubwa, akaandika, akainuka, akaweka mkono kifuani.

"Mteja wetu mpendwa, tunakushukuru kwa malalamiko yako."

"Asante na wewe bwana. Sasa?"

"Sasa yamekwisha."

Nikadhani sijamwelewa. Akanielewesha kwa subira. Katika nchi ya Usikizi, lalamiko likishashukuriwa huhesabiwa limemalizika, na haliwezi kuletwa tena. Nikitaka niongezwe siku za kukaa nchini, lazima nilete lingine lisilofanana na la kwanza.

Kwa hiyo kesho yake nililalamika kwamba kimya cha sanduku ni kirefu. Nikashukuriwa. Siku ya tatu nikalalamika kwamba maiki ni baridi, haina uhai. Nikashukuriwa, na nikapewa pini ya fedha ya kuvaa kifuani. Katika ukumbi wa kungojea alikuwepo mtu wa makamo aitwaye Bwana Hamduni, ambaye kifua chake kilijaa pini hizo hata koti likamvuta mbele.

"Wewe una ngapi?" akaniuliza.

"Moja."

"Mgeni wewe. Mimi nimeshukuriwa mara mia nne. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Na sanduku lako lina nini, kaka?"

Alifikiri. Akatazama dari, akatazama ndara zake. "Upande mmoja ulikuwa... au ni pande zote? Lakini chai yao nzuri sana. Umeionja?"

Nilimshika Mwajabu mkono nikatoka nje. Jioni ile kwenye nyumba ya wageni nilipitia daftari naye, nikimwonyesha picha. Kwenye picha ya mtu anayemwaga samadi shambani alinitazama tu. Mbolea ilikuwa imeondoka. Naandika kwa utulivu sasa, lakini usiku ule nililia ndani ya mto, maana lile ndilo lililokuwa la kwanza. Na kulikuwa na neno jingine moja ambalo sikulijaribu kabisa, kwa kuogopa.

Siku ya nne nilimwambia Bwana Taadhima, "Bwana, mimi sitaki kushukuriwa. Nataka fundi alifungue sanduku."

"Tutafika huko," akasema. "Lakini kuna mpangilio."

Mpangilio wa Usikizi ni huu. Kosa likitokea, hutafutwa kwanza kwenye chumba cha mteja, kisha kwenye umeme wake, kisha kwenye sikio lake. Sanduku ni la mwisho. Niliuliza ni mara ngapi wamewahi kufika kwenye sanduku, akaniambia kumbukumbu zinarudi nyuma miaka themanini tu, kwa hiyo hawezi kusema kwa hakika.

Nilipewa karatasi nichore chumba changu. Nikachora kitanda, meza, jiko, kamba ya nguo.

"Na hivi vitu vitatu vya mviringo?"

"Ndoo."

Akavuta pumzi taratibu, kama daktari. "Ndoo tatu! Mteja wetu mpendwa, ndoo hurudisha sauti. Je, umewahi kufikiria kuishi bila ndoo?"

"Maji niweke wapi?"

Aliandika: mteja yuko tayari kufikiria. Kisha akauliza umeme wangu unatoka mto gani, na kama mto huo una maporomoko, kwa kuwa umeme wa maporomoko huleta sauti yenye haraka. Sikujua. Hilo nalo likaandikwa.

Sikio langu lilipimwa siku ya sita, ndani ya chumba chenye kuta za godoro. Mpimaji alinifunika macho, akawa anadondosha vitu: sindano, uzi, unyoya. Nilivitaja vyote. Akasema unyoya hakuna mteja aliyewahi kuusikia, akataka kujua nilisoma wapi. Nikamwambia sikusoma usikivu mahali popote, ila nina mtoto ambaye hawezi kuniita usiku akiumwa, kwa hiyo nimezoea kusikia anavyopumua. Na hata sasa, nikasema, yuko nje kwenye korido, anakwangua rangi ya ukuta wenu kwa kucha. Wakaenda kutazama. Walimkuta ameshamaliza kipande cha ukubwa wa sahani.

Kwa sikio lile ikabidi jambo langu lipelekwe kwenye Baraza.

Hapa nilifurahi, nisiwe mwongo. Nilivaa kitenge changu kizuri. Nilimpaka Mwajabu mafuta. Nilijisemea kwamba watu hawa si wabaya, hakuna aliyenipigia kelele hata siku moja, kwa hiyo wenye uamuzi wakinisikia wataamua. Baraza lilikuwa na watu kumi na wawili wamekaa nusu duara, na mwenyekiti wao alikuwa Mheshimiwa Wizani, mama mwenye miwani na shingo ndefu. Sanduku liliwekwa katikati. Nikasema kwenye maiki, sanduku likanyamaza.

"Umesema nini hapo?" Mheshimiwa Wizani akauliza.

"Jina la mwanangu."

"Aa. Sauti ya mtu."

Likaletwa Daftari Kuu la Sauti, watu wawili wakilibeba. Sehemu yake ya kwanza huitwa Sauti, na humo mna vinanda, filimbi, kengele, upepo wa asubuhi, na nyimbo, iwapo mwimbaji amezuia pumzi. Sehemu ya pili huitwa Uchafu. Wakasoma: kikohozi, kiti kinachoburutwa, kutafuna, mazungumzo. Kwa hiyo ule Usafi wa Mwaka ulikuwa umefanya kazi yake sawasawa. Ndani ya sanduku kuliwekwa kichujio, na kichujio kilikuwa kinanichuja mimi.

"Lakini waheshimiwa," nikasema, "mimi nalitumia kuongea na mtoto. Hasikii njia nyingine. Alikuwa na maneno sitini na matatu, leo ana thelathini na manane. Naomba mlirudishe lilivyokuwa. Sitaki liwe safi."

Mjumbe mmoja mnene akainamia mwenzake, macho yamelegea.

"Umeisikia? Ile ya katikati. Ina joto."

"Joto zuri. Na mwisho wa sentensi inatua kama shuka."

"Mimi naona ina ukungu kidogo."

"Ni uchovu ule."

"Basi uchovu unaipa kina."

"Waheshimiwa," nikasema, "nimesema mtoto anapoteza maneno."

"Tumekusikia," akajibu Mheshimiwa Wizani, na niliona machoni kwamba alikuwa anasema kweli kama aijuavyo yeye. "Na umelisema vizuri sana. Hasa hapo kwenye 'anapoteza'. Tafadhali lirudie hilo kwa ajili ya mjumbe wa mwisho kule, alikuwa upande usiofaa."

Nikalirudia. Mungu anisamehe, nililirudia, nikidhani pengine mara hii.

Wakajadili alasiri nzima kama sauti ya mtu inaweza kuhamishiwa sehemu ya kwanza. Mmoja alisema ikihamishwa, kesho watu watakuja na vikohozi vyao. Mwingine akasema yeye binafsi hana chuki na watu, ila watu huongea mambo, na mambo humharibia msikilizaji utamu wa sauti. Mjumbe mmoja kijana alipendekeza niruhusiwe kusema irabu tu. Saa kumi na moja wakapiga kura, wakaafikiana kwa kauli moja kunipa Shukrani Kuu, ambayo haijatolewa tangu enzi ya babu zao, pamoja na jozi ya glavu nyeupe. Jambo langu likawa limekwisha, lote, na malalamiko yote yanayoweza kufanana nalo. Sanduku likabandikwa karatasi, likawekwa kwenye kigari kidogo cha magurudumu, likasukumwa kupitia kijitundu cha chini ukutani, kwenda kufungwa kitambaa tayari kwa safari.

Nilibaki nimeshika glavu. Nilipotazama chini, mkono wangu wa kushoto ulikuwa mtupu. Kisigino cha Mwajabu kilikuwa kinaishia ndani ya lile tundu. Alikuwa amelifuata sanduku lake.

Sheria ya Usikizi inakataza mteja kuingia kwa mafundi kupitia mlango wowote. Tundu halikutajwa. Nikapiga magoti, nikaingia kwa kutambaa, pini yangu ikakatika ikabaki nyuma.

Upande wa pili kulikuwa na makelele! Siku ya tisa nchini humo, na ndiyo mara ya kwanza nasikia mtu anacheka. Ilikuwa karakana ndefu yenye moshi wa risasi inayoyeyuka, na mafundi arobaini hivi, wanawake kwa wanaume, wote wanaongea kwa pamoja, wanataniana, mmoja anaimba na kupumua katikati ya wimbo. Hakuna aliyewawekea sheria ya kunyamaza kwa sababu hakuna mkubwa aliyewahi kuja kuwasikia.

Walituona wakaacha vyuma hewani.

"Ni nani huyu?"

"Mteja," nikasema, nikijipangusa magoti.

"Mteja!" akapiga kelele mmoja. "Jamani, njooni! Mteja ana miguu!"

"Ulidhani ana nini, wewe? Magurudumu?"

"Mimi nilidhani ni karatasi."

Akaja mwanamke mmoja mpana, vidole vyake vina madoa ya kuungua. Jina lake Fundi Nakshi. Alimnyanyua Mwajabu akamkalisha juu ya meza kati ya bisibisi na waya, kisha akaniangalia mimi.

"Karibu, dada. Umekuja kutushukuru mwenyewe? Maana si kwa barua zile! Mwaka jana tuliletewa shukrani elfu sita. Tulichinja mbuzi."

Alionyesha ukuta. Ulikuwa umebandikwa kadi tangu chini hadi juu, kila moja imeandikwa idadi ya shukrani za mwezi au za mwaka.

"Hizo tulishukuriwa sisi," nikasema. "Kila mtu akilalamika, anashukuriwa. Wanaandika kwenye kitabu."

"Akilalamika?"

"Ndiyo."

"Elfu sita walilalamika?"

Aliyekuwa akiimba akanyamaza. Fundi Nakshi aliitazama ile kadi ya elfu sita muda mrefu. Kisha akasema, si kwangu, "Miaka kumi na tisa sijawahi kupata lalamiko hata moja. Nilimwambia mama yangu hivyo. Alikufa anajua hivyo."

Akavuta kiti. "Haya, lako ni lipi?"

Nikamweleza. Nilitumia, nadhani, sentensi nne.

"Kile kichujio!" akasema. "Jamani, si niliuliza? Niliuliza, kitu hiki cha nini? Tukaambiwa wateja wenyewe wameomba."

"Mimi sikuomba."

"Basi mbona hukusema, dada?"

"Nimesema siku tisa."

Aliinama akafungua skrubu sita za sanduku, akaingiza chuma cha moto mahali padogo, akavuta kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, akakipiga teke chini ya meza. Sikumaliza hata kukaa vizuri.

"Sema."

"Niseme nini?"

"Aa, jina la mtoto, nini tena!"

Mwajabu alikuwa ametugeuzia mgongo, mkono mmoja umelala juu ya sanduku, mwingine unapanga skrubu mstarini. Nikasema jina lake kwenye maiki. Mkono uliokuwa unapanga ukasimama. Polepole akalala juu ya sanduku, shavu kwenye mbao, akafumba macho. Nikasema tena. Nikasema tena. Fundi mmoja nyuma yetu alikuwa anapenga kamasi kwa nguvu, na kule tulikotoka ule ungekuwa uchafu wa kuandikwa.

Nilitaka kuondoka papo hapo. Fundi Nakshi akanishika kiwiko.

"Subiri. Tangu vichujio vianze, hakuna sanduku linalotoka nchini bila kupita mlango wa mwisho. Pale hawapimi kwa macho, wanapima kwa Tone. Likishindwa wanaturudishia, na wakiturudishia tunaamriwa kuweka kichujio upya. Pale mimi siwezi kukusaidia. Sisi hatufiki pale."

"Tone ni nini?"

"Sijawahi kulisikia. Wanasema ndiyo sauti safi kuliko zote."

Alitufungia sanduku mwenyewe, bila kitambaa, akampa Mwajabu skrubu moja ya shaba. "Hiyo ya kwako, shoga," akamwambia.

Mlango wa mwisho ni ukumbi mweupe wenye meza moja ndefu. Bwana Taadhima alikuwepo na mihuri miwili, ya kijani na nyekundu, na kwa heshima ya Shukrani Kuu niliyopewa, Baraza lote lilikuja kuniaga. Walinipa kiganja nyuma ya sikio. Kisha Mheshimiwa Wizani akasimulia habari ya Tone, kama inavyosimuliwa kila mara. Kwamba zaidi ya miaka mia iliyopita, kabla nchi haijawa na sheria, tone moja la maji lilianguka lenyewe kwenye bakuli la fedha, bila mkono wa mtu, bila pumzi ya mtu, na likanaswa kwenye santuri. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya Usikizi, na kila sanduku hupimwa kwayo, kama linaitoa ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Watoto wa shule hufundishwa kuitamka kwa kugonga ulimi.

Sikuwa na la kufanya. Nilimshika Mwajabu bega. Lakini alijiondoa, akapanda kwenye kiti, akalaza shavu lake kwenye sanduku kama tulivyozoea jioni nyumbani.

Santuri ikawekwa. Bwana Taadhima akainua mkono, kila mtu akafumba macho.

Kwanza ulisikika mchakacho kama wa nguo. Kisha pumzi. Kisha sauti ya mwanamke, karibu kabisa, yenye kicheko kilichozuiliwa, ikasema:

"Taratibu, mwanangu, usimwage."

Kisha tone likaanguka. Kisha mtoto mdogo akacheka, na santuri ikaisha.

Hakuna aliyefumbua macho mara moja. Mjumbe mnene alikuwa wa kwanza, akasema kwa sauti nyembamba, "Uchafu huo," lakini hakuna aliyemuunga mkono. Mheshimiwa Wizani akasema lirudiwe. Likarudiwa. Taratibu, mwanangu, usimwage. Tone. Kicheko. Akasema tena lirudiwe. Mara ya tatu alivua miwani akaishika mkononi, na hakuna mtu katika ukumbi ule aliyesema kama sauti ile ina joto au ina ukungu.

Bwana Taadhima alikuwa ameshika muhuri mwekundu. Nilimwona anafungua mdomo, na nikajua anatafuta kushukuru, maana ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Midomo ikacheza, neno halikuja. Akautazama ule muhuri, akauweka kwenye droo, akalisukuma sanduku upande wangu wa meza, taratibu, asije akamtikisa mtoto aliyelala juu yake. Kisha akanitazama. Kwa siku tisa hakuwahi kuniuliza kitu ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi yake.

"Mama," akasema, "yule ni nani?"

Kabla sijamjibu, Mwajabu akainua shavu lake, lina alama nyekundu ya ukingo wa ubao, akatutazama sote mmoja mmoja, akasema kwa sauti:

"Kuna mtu humu ndani."